Ndiga Ilitoka kwa Foleni

Watu wa mfereji wa tatu, kule chini Nyatike ambako mto Kuja unakaribia ziwa, hawapangi foleni ya maji na daftari. Daftari inaweza kuloa, na karani anaweza kuwa na shemeji. Wao wanapanga vitu. Ukitaka maji ifike kwa shamba yako ya mpunga, unachukua kitu ya nyumba yako, kitu inajulikana, unaiweka kwa tuta karibu na geti ya maji, nyuma ya kitu ya mwenye alikutangulia. Jembe. Besheni imetoboka. Buti moja ya mvua. Kitu inakaa hapo na jua na umande, wewe unaenda shughuli zako, na hakuna mtu anaigusa. Zablon, mzee wa maji, akifungua geti anatembea tu akiita vitu na majina ya wenyewe, na kila mtu anapata masaa yake matatu.

Sheria ni moja na haina wakili: kitu ikitoka, zamu imetoka. Unarudi mwisho wa foleni, na safari hiyo huweki kitu tena. Nyumba yako inakaa yenyewe, mtu mzima na matako yake, mpaka maji ifike. Mokaya alishawahi kutoa buti yake aende nayo matanga siku ya mvua, akasema si anairudisha jioni. Alikaa kwa tuta siku mbili kama kuku analalia. Mpaka leo watoto wakimwona wanamuuliza kama mayai imeanguliwa.

Haya yote Clifford alijua. Shida yake ilikuwa hiyo, kwamba hata mbele ya Mungu hangeweza kusema hakujua.

Clifford alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa amemaliza Fomu Foo Novemba iliyopita na C, gredi ya mtu amesimama kwa mlango, haingii, hatoki. Alikuwa anaishi na nyanya yake Rispa, mwenye Clifford alikuwa anamwita Dani vile Wajaluo huita nyanya. Nyumba nzima ilikuwa watu wawili hao. Tangu Novemba alikuwa amejifunza kuchomelea vyuma wiki tatu, akaacha. Akanyoa watu nywele mwezi mmoja, akaacha. Usiku miguu ilimwasha akiwa amelala, mchana ikamwasha akiwa amesimama. "Huyu ukimpa kiti," Dani alikuwa anaambia majirani, "anakuuliza mlango uko wapi."

Kitu moja tu ilimtuliza: ndiga. Ndiga ni baiskeli, na hii ilikuwa ya marehemu babu yake, nyeusi, nzito, keria ya nyuma pana ya kubeba gunia mbili, breki ya kuomba Mungu. Jioni Clifford alikuwa anaipanda anafuata tuta ya mfereji mpaka giza imfukuze.

Sasa wiki hiyo mfereji ulikuwa mkavu. Ulikuwa umefungwa wiki tatu watu watoe matope, na miche ya mpunga ya Dani kwa kitalu ilikuwa imefika urefu wa kidole ikakataa kuendelea. Udongo ulianza kupasuka. Jumatatu habari ikapita kwamba Alhamisi asubuhi Zablon anafungua, na watu wakaanza kukimbia na vitu. Dani akampa Clifford jembe. Clifford akaitupa kwa keria, akapiga mbio, na mahali fulani njiani jembe ikaachana na mpini ikapotea. Kufika kwa geti, kumewekwa besheni ya Mokaya na kiti ya Nyamweya. Nyuma yake akaona Phelesia anakuja na sufuria juu ya kichwa, mama wa kutembea haraka, mdomo haraka zaidi. Clifford hakufikiria. Akasimamisha ndiga yenyewe kwa laini, ya tatu.

"Hata hiyo nayo ni kitu?" Phelesia akauliza.

"Mama, hii inajulikana mpaka Macalder."

"Inajulikana kwa kupita. Hatujawahi kuiona ikikaa."

Akarudi nyumbani na miguu, akijisikia mwanaume. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufika Jumatano alikuwa amezunguka boma mara ngapi sijui, amehesabu kuku, ameenda kuangalia ndiga mara nne kama mtu ana mgonjwa hospitali. Ndipo simu ikalia. Ilikuwa Nchagwa, Mkuria wa Suna, mwenye walilala kitanda ya juu na ya chini miaka minne kule bweni.

"Uko?"

"Niko. Nitakuwa wapi?"

"Kesho asubuhi tunapita kwenu. Mimi na kasini yangu Joyline. Tunafuata mfereji mpaka ziwa, alafu tunafuata ziwa mpaka kisiwa ya Rusinga. Njia za ng'ombe na za wavuvi pekee. Hakuna lami, hakuna lori, hakuna mtu wa kukupigia honi kwa kisogo. Kesho tunalala Nyandiwa, Ijumaa Rusinga, Jumamosi tunarudi. Na Jumatatu mimi naripoti chuo Eldoret, buda. Ni kesho ama ni tukiwa na vitambi."

"Niko ndani," Clifford akasema, kabla kichwa haijafika mahali mdomo ilikuwa.

Hiyo usiku alilala vibaya. Rusinga alikuwa ameiona kwa picha na kwa midomo ya watu. Homa Bay yenyewe, kaunti jirani, hajawahi kuingia na nguvu ya miguu yake. Saa kumi na moja asubuhi akaamka akiwa na jibu, na majibu ya saa kumi na moja huwa tamu sana. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku yake ya bodingi, ya bati, ya buluu, imeandikwa na rangi nyeupe CLIFFORD OKETCH 4417. Hajaifungua tangu mtihani. Akamwaga vitabu kwa kitanda, akabeba sanduku kwa bega. Mawazo yake ilikuwa hivi: ndiga haina jina, sanduku ina jina. Kwa hivyo sanduku ni kitu zaidi. Akafika kwa geti, akatoa ndiga, akaweka sanduku pale pale ndiga ilikuwa, akaisukuma kidogo ilingane na kiti ya Nyamweya. Ndege weupe wawili, yangeyange, walikuwa wamesimama ndani ya matope wakimwangalia. Wengine hawakuona.

Simu akazima, kuhifadhi chaji. Alijiambia ni chaji.

Nchagwa na Joyline aliwapata kwa daraja ndogo ya mfereji mkubwa. Joyline alikuwa mwalimu wa chekechea Suna, miaka kama ishirini na saba, kofia ya majani, baiskeli ya gia yenye mifuko pande zote. Yeye ndiye alijua njia.

"Sheria yangu ni moja," akasema.

Clifford akashtuka na hiyo neno.

"Hakuna kupita gurudumu ya mwenye anaenda pole kuliko wote. Na mwenye anaenda pole ni mimi."

Wakaenda. Tuta ya mfereji mkubwa ni pana kama kitanda, imeshindiliwa na kwato, na mwanzo wake kuna vigingi vya simiti vya kuzuia magari, kwa hivyo hata pikipiki hukwama. Mkono wa kushoto maji ilikuwa imeshaanza kushuka, nyembamba, rangi ya chai, ikisukuma majani makavu mbele yake. Mkono wa kulia mashamba, mengine kijani, mengine yamekauka na nyufa. Kenge akaingia majini bila haraka. Ndege fundichuma alikuwa anavuta kijiti kikubwa kuliko yeye, Joyline akasimama aangalie. Wakasimama wote. Mbele kidogo kulikuwa na mzee anaoga, akawaonyesha mgongo kwa heshima, wakamsalimia huo mgongo. Joyline akasimama tena kuangalia maua ya yungiyungi kwa mtaro.

Hakukuwa na sauti ila cheni na udongo chini ya tairi. Mtu mwingine angesema hapa ndio peponi. Clifford alisikia kama ameshikwa kola. Alikuwa anasonga mita mia nyuma ya Joyline, anaweka mguu chini, anangoja, anasonga tena. Kimya ilimwachia nafasi kubwa sana kichwani, na ndani ya hiyo nafasi Zablon alikuwa anatembea. Saa kumi na mbili na nusu. Zablon ameshika spana yake ya geti. Anaita besheni ya Mokaya. Anaita kiti ya Nyamweya. Anafika kwa ya tatu.

"Mbona unaangalia nyuma?" Nchagwa akamuuliza.

"Naangalia kama mnakuja."

"Tuko mbele yako."

Mfereji ukaisha, wakashika njia za mbuzi katikati ya ua za mikonge, wakavuka mchanga wa mto wakisukuma, na saa tatu ziwa ikatokea. Ilikuwa tulivu kama chai kwa sahani. Pale Sori wanawake walikuwa wameanika omena, dagaa wa ziwa, juu ya neti, uwanja mzima unang'aa kama vijiko, na harufu iliwasindikiza mpaka nje ya mji. Kutoka hapo Joyline aliwashikisha kinjia ya ufuo, kati ya mashua zimepinduliwa na matope. Punda mmoja na mitungi yake akawapisha. Maji ilikuwa karibu hivi kwamba Nchagwa alikuwa anapitisha mguu ndani, akicheka pekee yake.

Saa tano wakafika kwa kalvati ya mkondo mdogo unaoingia ziwani.

"Migori inaishia hapa," Joyline akasema. "Ukivuka uko Homa Bay. Tupumzike, tule njugu."

Clifford hakupumzika. Alisukuma ndiga mpaka gurudumu ya mbele ikavuka katikati ya kalvati, akasimama hivyo, nusu hapa nusu kule. Alingoja kusikia kitu. Mbele milima ya Gwassi ilikuwa ya buluu, njia inazunguka chini yake, nyeupe, tupu, hakuna mtu. Ndiyo hiyo aliyoitaka tangu Novemba.

"Kaa chini, wewe," Joyline akasema. "Unanichokesha macho."

Akakaa, na kwa sababu kukaa bila kuongea ilikuwa kazi, akawapigia hadithi ya Mokaya na buti yake. Aliipiga vizuri, na sauti ya kuku na yote. Nchagwa akacheka mpaka njugu ikampalia.

"Ati anaulizwa mayai," akasema akipangusa macho. "Na nyinyi mliweka nini?"

"Ndiga."

"Ndiga gani?"

Clifford akaangalia ndiga. Nchagwa naye akaangalia ndiga. Joyline akaacha kutafuna.

"Nimeweka sanduku mahali yake," Clifford akasema. "Ile ya shule. Iko na jina kubwa hivi."

"Kwa hivyo ndiga ilitoka," Nchagwa akasema.

"Ilibadilishwa. Hiyo ni tofauti."

"Hata buti ya Mokaya ilikuwa inarudi jioni."

"Wewe ni Zablon?"

"Mimi nauliza tu. Wakikataa hiyo sanduku inakuwa aje?"

"Nyumba inarudi nyuma, na mtu wa nyumba anakaa."

"Kwenu mko watu wangapi?"

Clifford akahesabu kichwani: wawili, na mmoja yuko hapa. Aliona Dani vile huinuka kutoka kwa kiti asubuhi: anashika meza, anahesabu moja, mbili, na kwa tatu anatoa sauti ndogo ya meno. Nyonga ilimharibikia mwaka juzi alipoteleza karibu na zizi, na tangu siku hiyo hakalii kitu bila mto. Mto hata hakuwa amemwachia karibu. Ulikuwa chini ya vitabu alivyomwaga kwa kitanda.

Akawasha simu, akapiga. Simu ya Dani ikalia mpaka ikanyamaza. Akapiga tena. Na Dani huwa haachi simu nyumbani ila akitoka na haraka.

"Narudi," akasema, na alikuwa ameshashika ndiga.

"Kula basi kwanza."

"Narudi, Nchagwa."

Nchagwa akasimama, mikono imejaa maganda. "Sawa. Rusinga haihami."

"Haihami. Wewe ndio unahama."

Joyline akamwekea chupa ya maji kwa keria, akaifunga na mpira. "Shika njia ile ile tumekuja nayo," akasema. "Usijaribu barabara na hiyo breki."

Clifford akageuza gurudumu ikatoka Homa Bay.

Hiyo safari ya kurudi hakuna fundichuma alisimamiwa. Mchana upepo wa ziwa huamka na kuvuma kuelekea nchi kavu, na siku hiyo ulikuwa kwa mgongo wake kama mkono wa mtu anayemfukuza. Alipita omena, akapita mikonge, mchanga wa mto akavuka ndiga ikiwa begani, na kila akikanyaga alikuwa anahesabu: masaa matatu ya Mokaya, masaa matatu ya Nyamweya. Saa sita na nusu ni sisi. Saa sita na nusu ilimpita akiwa bado kwa mikonge.

Karibu nyumbani tuta ilikuwa imekatwa. Mtu alikuwa amechimba mtaro mpya kuvuka njia, maji inapita kwa nguvu kuingia shamba la kulia, na ndani ya hilo shamba Phelesia alikuwa amekunja nguo magotini, jembe mkononi.

"Vuka taratibu, kijana," akamwambia bila kuinua kichwa. "Hiyo ni maji yenu unakanyaga."

Clifford akasimama katikati, maji kwa vifundo. Ilikuwa baridi.

"Mama, nani alisema?"

"Macho yangu yalisema. Asubuhi Zablon aliita ndiga ya Rispa, ndiga haiko, kuna sanduku. Mimi niko nyuma yake tangu Jumatatu, nisijue kitu niliyo nyuma yake?" Sasa akainua kichwa. "Nyanya yako aliitwa, akaja na fimbo. Zablon akamuuliza ndiga iko wapi. Akasema, imeenda kazi. Akaulizwa, kazi gani? Akasema, kazi ya ndiga ni nini? Akaketi."

"Ameketi tangu saa ngapi?"

"Mimi sikuweka saa, niliweka sufuria. Enda."

Foleni ilikuwa imebaki vitu saba kwa urefu wa tuta, ndoo, jembe, panga bila mpini, na mwisho kabisa, nyuma ya hizo saba zote, sanduku ya buluu. Dani alikuwa juu yake, mwavuli mkononi, mguu mbaya umenyooshwa mbele kama kitu si yake. Alikuwa amekalia jina la Clifford, namba pekee ndio ilionekana. Kando yake alikuwa Mokaya, mwenye alishapata maji yake asubuhi na hakuwa na shughuli hapo. Alikuwa amebaki kwa furaha tu. Miaka mitatu alikuwa amengoja mtu mwingine.

"Karibu, karibu," Mokaya akasema. "Tumekuwekea majani ya kiota."

Clifford akaweka ndiga chini.

Dani akamwangalia kutoka viatu kupanda. "Ulifika wapi?"

"Kwa kalvati ya mpaka."

"Homa Bay uliingia?"

"Gurudumu ya mbele."

"Aa," Dani akasema. "Gurudumu ya mbele."

Hiyo ilimchoma kuliko fimbo. "Inuka nikae, Dani."

"Wewe?" Mokaya akacheka. "Huyu hata kanisani wakisema tuketi yeye anaenda kuangalia ng'ombe. Siku mbili? Mama Rispa, bora uweke kuku."

Zablon alikuwa amekuja na spana yake, mzee mwembamba wa kuongea pole. "Mtu wa nyumba anaweza kumpokea mtu wa nyumba," akasema. "Geti ikifungwa saa kumi na mbili na nusu foleni inalala, unaenda kwenu. Asubuhi nikifungua nikukute. Lakini mchana ukisimama ukaenda, hata kuangalia nyoka, nyumba imetoka tena. Na hiyo miche haitangoja mara ya tatu."

"Na choo?"

"Unaacha kiatu kwa sanduku. Nikihesabu mia hujarudi, kiatu ni kiatu tu."

Dani akanyoosha mkono. Clifford akaushika, na akasikia uzito wote wa nyonga ukija kwake. Moja, mbili, na ile sauti ya meno. Hakuweza kumpeleka nyumbani, kwa sababu tayari alikuwa kitu. Ikawa Mokaya ndiye alimpandisha kwa keria ya ndiga na kumsukuma pole pole kwa tuta, akilalamika njia yote, na Dani kwa juu na mwavuli wake kama bibi harusi.

Clifford akaketi.

Hiyo Alhamisi ilikuwa rahisi, mwili ulikuwa umechoka na safari. Ijumaa ndiyo Ijumaa. Saa mbili bati ilikuwa inachoma. Saa tatu alikuwa amekalia upande wa kushoto, wa kulia, amechuchumaa juu, ameketi chini akaegemea. Miguu ilikuwa inatetemeka yenyewe, visigino vinapiga sanduku du du du mpaka Nyamweya aliyepita na ng'ombe akauliza kama kuna mtu anakufa ndani. Kila baada ya masaa matatu Zablon anaita, kitu moja inatoka mbele, na Clifford anavuta sanduku hatua moja. Watoto wakaja kuuliza mayai ni ngapi. Akawaambia kumi na mbili.

Saa sita kwa simu ikaingia picha. Daraja ya kuingia Rusinga, ziwa pande zote mbili, Joyline ameinua chupa, na baiskeli ya Nchagwa imeegemezwa kwa reli pekee yake. Nchagwa alikuwa ameandika: *Nimewacha nafasi ya ndiga.*

Clifford alisikia tuta yote imenyamaza. Akaangalia chini, akajikuta amesimama. Miguu miwili iko kwa njia, uso umeelekea ziwa, na hakukumbuka kuinuka. Zablon alikuwa ameshikilia spana hewani akimwangalia. Alikuwa anangoja tu, vile watu wa maji hungoja.

Clifford akavua kiatu polepole, akaiweka juu ya jina lake.

"Choo," akasema.

"Moja," Zablon akasema. "Mbili."

Akaingia nyuma ya kichaka cha mwisho wa tuta na hakufanya kitu hapo. Alisimama mguu mmoja uko na kiatu, mmoja hauna, akaangalia upande wa milima ambayo haionekani kutoka huko, akasikia namba zikija na upepo. Sabini. Sabini na moja. Kwa themanini na sita alikuwa ameketi. Simu akaipindua uso chini na hakuigusa mpaka geti ikafungwa.

Jumamosi saa sita na nusu Zablon akasimama mbele yake. Hakukuwa na kitu ya kuita, kwa hivyo akaita mtu. "Clifford wa Rispa."

Akatimua mbio. Alifungua mtaro na jembe ya kuazima, akakimbia mbele ya maji, akageuka akaona imekwama, akairudia akaisukuma na mikono. Maji ikaingia kitalu. Nyufa zilianza kunywa na kutoa mapovu, na kwa muda mrefu maji haikuonekana kuongezeka hata kidogo, udongo unameza tu. Alafu ikaanza kung'aa. Ndipo akaona kona ya juu, mahali pa mwinuko, miche imekuwa majani ya kuezeka nyumba. Akaivuta moja, ikatoka bila mizizi.

Dani alikuwa ameletewa kiti na mto kwa ukingo. Akaangalia kutoka upande huu mpaka ule, akipima na kidole.

"Mashamba mawili itapata miche," akasema. "Ya tatu tutapanda kunde."

Hilo shamba la tatu hawakuliongelea tena. Lakini Clifford kila akipita hapo alikuwa anaona.

Jioni Nchagwa na Joyline wakapita na tuta wakirudi, wamekuwa weusi na wamejaa vumbi. Nchagwa alikuwa na maneno mengi ya Rusinga, mayai ya kuchemsha huko, upepo, watoto wa kukimbiza baiskeli. Katikati Clifford naye akamwambia vile aliketi.

"Ngoja. Uliketi kweli? Siku mbili?"

"Na jua yake yote."

"Wewe?" Akamwita Joyline. "Huyu aliketi." Akamwangalia Clifford vile hakuwa amemwangalia miaka minne yote ya bweni, akampiga ngumi ya bega, na wakaenda, kwa sababu Suna ilikuwa mbali na Jumatatu ilikuwa karibu.

Jumatatu hiyo watu wakaanza tena kupanga vitu kwa zamu inayofuata. Clifford alifika wa kwanza kabisa, sanduku begani, akaiweka mbele ya geti jina likiangalia maji. Phelesia akaja na sufuria, akaizunguka hiyo sanduku, akaipiga teke kidogo.

"Hii haina magurudumu," akasema. "Hii sasa ni kitu."

Kufika nyumbani Dani alikuwa amekaa kwa mlango, mto chini yake, anachagua omena.

"Umeweka?"

"Nimeweka."

"Rusinga ni siku ngapi?"

"Kwenda na kurudi, tatu. Nikiwa pekee yangu, mbili."

"Na maji wanafungua lini?"

"Baada ya siku tisa."

Dani akatupa kichwa cha omena kwa kuku. "Basi enda siku tatu," akasema. "Uende kama mtu."

Clifford alikuwa ameshapindua ndiga juu chini, anazungusha gurudumu ya mbele, sikio karibu na cheni.